Wembe Uliopara Samaki

Kwanza kabisa, msiniletee wembe mliokwisha kuusugua kwa msasa. Nawaomba. Mkiuokota una kutu, uacheni na kutu yake, ufungeni kwenye kitambaa chenye mafuta kidogo, mje nao hivyo hivyo hapa Mbinga, nyuma ya soko, muulizie kwa mzee wa nyembe. Kutu naijua, tumezoeana. Kinachonishinda ni mkono wa kijana aliyetazama video mbili kwenye simu akajiona fundi.

Nasema hivi kwa kuwa siku hizi mnakuja wengi, na nafurahi. Mke wangu, Mama Gaude, anasema furaha yangu haina tofauti na hasira, mgeni hawezi kujua nimepatwa na ipi. Basi mjue leo: nikikufokea, nimefurahi. Nikinyamaza, chukua wembe wako uondoke polepole.

Wembe ninaousema si ule mwembamba wa dukani unaouzwa ndani ya karatasi. Ni wembe wa kukunja, wa chuma kizima, una mgongo mnene na makali membamba, na unajificha ndani ya mpini wake kama kisu cha mfukoni. Huku kwetu nyingi zililetwa na wazee waliokwenda kufanya kazi migodini kusini. Walirudi na blanketi, sanduku la bati na wembe. Blanketi ziliisha, masanduku yakatoboka, nyembe bado zipo, zimelala juu ya dari na kwenye vikapu vya wajane, hakuna anayejua zilivyo na thamani. Hizo ndizo ninazozifufua tangu nilipoacha kunyoa watu. Sifanyi biashara. Mama Gaude anauita ugonjwa.

Kazi yangu yenyewe ilikuwa ukinyozi, miaka thelathini na kitu, kwenye kibanda cha mabati pale sokoni. Msimu wa kahawa nilikuwa nanyoa mpaka mkono unakufa ganzi, maana mtu akishauza kahawa yake anataka kurudi nyumbani akiwa na kichwa kipya. Aliyenifundisha ni Mzee Hyasinti, mtu wa maneno machache na macho makali. Nilipomwendea nikidhani nitapewa wembe siku hiyo hiyo, alinipa boga.

Mnacheka. Boga changa, likiwa bado kama ngumi, lina vinyweleo laini ngozi nzima, na ngozi yake ni laini kuliko shavu la bwana harusi. Ukiweza kulinyoa likawa tupu bila kulitia alama, unaweza kumnyoa mtu. Nilinyoa maboga ya mama yangu mpaka akaniuliza nimelogwa na nani. Yale niliyoyakata yaliozea shambani, na Mzee Hyasinti alikuwa anapita kuyahesabu kwa fimbo yake. Siku nilipomletea manne safi, akakaa kwenye kiti chake, akafunga macho na kuinua kidevu. Ndivyo alivyoniambia nimefuzu.

Sasa niwaambie nilivyomharibia wembe wake, ili msije mkadhani nilizaliwa najua. Ulikuwa umepata pengo dogo kwenye makali. Mimi nikataka kumfurahisha. Nikaupeleka kwa rafiki yangu aliyekuwa akitengeneza mashine za kumenya kahawa, mwenye jiwe la kunolea linalozunguka kwa umeme. Cheche zikaruka, tukashangilia wote wawili. Pengo likaisha kwa dakika moja. Nilipoufuta nikaona chuma kimekuwa na rangi ya bluu pale kwenye makali, nikadhani ni urembo.

Vijana, wembe ukishakuwa wa bluu umekufa. Moto umetoa ugumu uliokuwa ndani ya chuma, na hata ukiunoa mwaka mzima, makali yatalala baada ya shavu moja. Mzee Hyasinti aliutazama, akanirudishia, akasema, "Jinyoe." Nilijinyoa kwa wembe ule kila asubuhi kwa mwezi mzima, kwa amri yake, machozi yananitoka. Nilitaka kuacha kazi. Siku ya mwisho akanipa jiwe la maji, lile la kunolea kwa mkono, akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jiwe lile ninalo hadi leo, limeliwa katikati kama kiti cha zamani, ila halitumiki tena, maana jiwe la wembe lazima liwe tambarare. Nyie msinoe kwenye jiwe lililobonyea, hata kama ni la babu yenu.

Baadaye yakaja maradhi yaliyowafanya watu waogope wembe wa kuchangia, na walikuwa na haki. Kila mteja akaja na wembe wake wa karatasi mfukoni, halafu zikaja mashine za umeme, na mimi nikazifunga nyembe zangu za kukunja kwenye soksi na kuziweka sandukuni. Sikulia, ila sikuona raha. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa yeyote ninayemfufulia wembe ni hili: wembe mmoja, uso mmoja. Wa kwako ni wa kwako. Hauazimwi, hata kwa ndugu.

Namna ya kufanya, kwa kifupi, maana nikianza sitamaliza. Kutu unailoweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, unaisugua kwa majivu yaliyochekechwa na kipande cha ngozi. Mpini wa pembe ukiwa umepinda unauchovya kwenye maji ya moto, unaubana katikati ya mbao mbili, unausahau mpaka kesho. Kwenye jiwe, laza wembe wote, mgongo na makali viguse pamoja, na maji yasikauke. Kwenye mkanda wa ngozi, mgongo utangulie na makali yafuate, la sivyo utakata mkanda na kuua makali kwa pigo moja. Na mikono ikitetemeka kama yangu, egemeza viwiko mezani. Meza inasaidia sana. Shida ni kwamba uso wa mtu hauna meza, ndiyo maana sinyoi tena.

Sasa nifike kwenye wembe mmoja, ule wa Liuli.

Alikuja mwanamke mmoja asubuhi, amebeba mfuko wa unga, na ndani ya mfuko kitambaa, na ndani ya kitambaa wembe. Alinisalimia Shikamoo akiwa amepiga goti kidogo, akasema anaitwa Mama Ester na ametoka ziwani. Nilipoufungua wembe nikanusa. Ulikuwa unanuka samaki.

"Mama, huu wembe umetoka wapi?"

"Ni wa baba mkwe, mzee."

"Alikuwa ananyolea samaki?"

Akainamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyekuwa napara nao."

Nikanyamaza, na mnajua maana ya ukimya wangu. Yule mama hakujua, akaendelea kueleza. Mume wake, Stefano, alifariki miaka minne iliyopita. Yeye akabaki na watoto kwa baba mkwe wake, Mzee Wilfredi, ambaye naye alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Shemeji zake wako mbali. Wembe aliukuta kwenye kikapu cha jikoni, chini ya vikombe vibovu, akadhani ni kisu cha zamani kilichotupwa. Ulikuwa mkali. Mbasa wa kilo tatu alikuwa anamaliza magamba yake kabla maji hayajachemka. Miezi ikapita. Kisha binti yake Ester akapangiwa kupokea kipaimara, askofu anakuja Jumapili ya wiki inayofuata, na mzee ambaye hakuwa ametoka nyumbani tangu augue akasema, "Nitakwenda. Nileteeni wembe wa baba yangu, mwanangu wa Songea atakuja kuninyoa."

"Uso wake haujawahi kuguswa na wembe mwingine," alisema Mama Ester. "Tangu mkono ufe hakuna wa kumnyoa nao, ndiyo maana amefuga ndevu mpaka hapa. Sasa kila asubuhi ananiuliza wembe uko wapi. Nimemwambia umepelekwa Mbinga kunolewa. Mzee, naomba uufanye uongo wangu uwe kweli. Akijua niliufanyia nini, atanirudisha kwetu, na watoto ni wa ukoo wao. Wataniacha niende peke yangu."

Nilihisi aibu kwa kumnyamazia. Nikaufokea wembe ili ajue nimeshakubali.

Ulikuwa na mapengo mawili, moja dogo, moja la kina, mahali ulipogonga mfupa wa mgongo wa samaki. Mwenye haraka angekimbilia mashine. Mimi niliulaza kwenye jiwe la kukwaruza siku tatu, viwiko mezani, nikiongeza maji, nikipunguza makali yote sawasawa mpaka yakafika chini ya lile pengo. Siku ya nne nikahamia jiwe laini. Siku ya tano ngozi. Mpini wake ulikuwa wa pembe nyeusi, nikaunyoosha, nikaupiga msumari mpya wa shaba. Na kwa kuwa yule mama alikuwa amenigusa moyo, nikataka kumpa zaidi ya alichoomba. Shingo ya wembe, ile sehemu ya chuma kati ya makali na msumari, ilikuwa imekwaruzwa. Nikaisugua mpaka ikawa kioo. Nikauinua juani, nikamwita Mama Gaude aje aone. Akasema, "Hata mimi hujawahi kunisugua hivyo."

Alhamisi Mama Ester akarudi. Aliufungua, akatabasamu, akaugeuza, akapitisha kidole gumba shingoni. Tabasamu likaondoka.

"Mistari iko wapi?"

"Mikwaruzo? Nimeitoa. Sijakutoza chochote kwa hiyo."

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi la chuma. Nilimwona anahesabu kwa vidole. Mistari saba, aliniambia. Katika ukoo wao kijana akiota ndevu, baba yake humnyoa mara ya kwanza kwa wembe ule, kisha huchora mstari mmoja. Aliwahi kusimuliwa na mumewe siku za uchumba, ila hakuwahi kuuona wembe wenyewe, na kule jikoni hakuufananisha. Aliutambua siku mzee alipoanza kuuliza, alipouosha akaiona ile mistari. "Wa saba alikuwa Stefano," alisema.

Miaka yote ya kunyoa watu, sijawahi kumkata mtu kama nilivyomkata siku ile. Kutu niliiheshimu, nikaja kufuta kilichoandikwa na mkono wa mtu. Nilimuumiza mjane kwa kujionyesha. Mama Gaude alimletea maji. Mimi nikaingia ndani nikavaa koti.

"Unakwenda wapi?" mke wangu akauliza.

"Liuli. Nilichofuta mimi hawezi kukisemea yeye."

Tulipanda basi la Mbamba Bay. Lami imefika siku hizi, mteremko ule uliokuwa unatutapisha sasa unashuka huku umelala. Mimi sikulala. Mbamba Bay tukachukua bodaboda mbili, vumbi likatukuta, na saa tisa tukawa Liuli. Njiani Mama Ester alikuwa ameniambia nijiseme mimi tu, yeye na samaki wake tuwaache. Nikamwambia sawa.

Mzee Wilfredi alikuwa kibarazani, kwenye kiti cha kamba, ndevu nyeupe zimefika kifuani. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja lakini macho yalikuwa mazima. Nikampa Shikamoo, akaitika Marahaba taratibu, akauliza habari za Mbinga na za kahawa. Mama Ester hakukaa karibu. Kwao, na kwetu pia, mke wa mwanao hamtazamani usoni, wala hakugusi. Anakupikia, anakutandikia, anakuwekea maji na kuondoka. Alipiga goti kwenye mlango wa jikoni, uso chini.

Nikampa mzee wembe. Aliufungua kwa mkono wa kushoto na meno. Alitazama makali, akaguna kwa kuridhika. Kisha kidole kikaenda shingoni. Kikapita. Kikarudi. Kikapita tena.

"Nimeifuta mimi, mzee," nikasema. "Nilidhani ni mikwaruzo. Sikuuliza. Ni kosa langu peke yangu na nimekuja kulisema."

Kule ziwani mtu alikuwa anamwita mwenzake asogeze mtumbwi. Nilisubiri kufukuzwa.

"Si kosa lake peke yake, baba," ikasikika sauti ya Mama Ester. Nilimgeukia, sikuamini. "Wembe haukuharibika kwa kukaa. Mimi niliuparia samaki. Miezi saba. Nilidhani ni kisu."

Mzee Wilfredi aliushusha wembe pajani.

"Samaki gani?" akauliza.

"Mbasa, baba. Na perege."

"Ndiyo maana," akasema. "Nakula samaki hawana gamba hata moja. Nikasema huyu mtoto ana mkono." Akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, mpaka akakohoa, na mimi nikacheka kwa woga. Alipotulia alikuwa na machozi. "Mistari ile siwezi kusema haikuwa kitu. Wa Stefano nilichora mwenyewe, pale pale ulipokaa wewe fundi. Umenitia uchungu."

"Najua, mzee."

"Lakini hukumfuta Stefano."

Kisha akaniambia habari iliyofika asubuhi ile: yule kijana wa Songea amepiga simu, kazi imembana, hatakuja. Akaninyooshea wembe. "Basi ninyoe wewe, uliyeufikisha."

Nikainua mikono yangu miwili ili aione. Ilikuwa inacheza yenyewe.

"Kinyozi hajinyoi," alisema, "na huyu hata wengine hawezi." Akageuka kwenye mlango wa jikoni. Alimtazama mkwewe usoni, na Mama Ester akainamisha kichwa zaidi. "Mama Ester. Njoo ushike."

"Baba, siwezi. Ni mwiko."

"Mkono huu ulipokufa, nani alinilisha uji?"

"Hicho kilikuwa kijiko, baba. Uso siwezi. Watu watasema."

"Waseme nikiwa nimenyolewa."

Vijana, nimewanyoa wakubwa na wafungwa, mabwana harusi na maiti. Sijawahi kuwa kwenye kunyoa kama kule, na wembe sikuushika. Nilisimama nyuma ya yule mama, nikiwa na mdomo tu. Nilimwambia achemshe maji, aweke taulo la moto usoni mwa mzee mpaka ndevu zilainike. Nilimwambia kwanza apunguze kwa mkasi. Nilimwonyesha kuupitisha wembe kwenye mkanda wangu wa suruali, mgongo ukitangulia. Apake sabuni mpaka iwe povu zito. Avute ngozi kwa kidole. Mgongo wa wembe unyanyuke kidogo tu kutoka kwenye ngozi, na mkono usisukume, uache uzito wa chuma ufanye kazi.

Alipofika kwenye hatua ya kuvuta ngozi, mkono wake ulisimama hewani, karibu na shavu, hauendi. Mzee alikuwa amefunga macho na kuinua kidevu. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba mkono uliozoea kupara mbasa hauna wa kumwogopa. Akamgusa.

Pasi ya kwanza ya wembe ilishuka kutoka sikioni mpaka taya bila kusimama. Ule mlio niliusikia, mlio wa wembe uliotimia kwenye ndevu zilizolainika, na sikuwa nimeusikia tangu nifunge nyembe zangu kwenye soksi. Chini ya povu ikatokea ngozi safi, haina tone la damu. Akafanya ya pili, na ya tatu. Ester mwenyewe alikuwa amekuja kusimama pembeni akiwa amevaa sare za shule, amejishika mdomo. Jirani mmoja alipita njiani, akaona, akapunguza mwendo, akaamkia kutoka mbali na kuendelea na safari yake.

Upande wa kulia ulipoisha Mama Ester alikuwa analia, bila sauti, machozi yanadondoka kwenye povu. Nikamwambia afute macho kwanza, chumvi si nzuri kwa chuma. Alisimama, akafuta wembe kwenye kanga, akarudi nyuma hatua moja kama aliyemaliza, akasubiri ruhusa ya kuondoka.

Mzee Wilfredi hakufungua macho. Aligeuza uso taratibu, akampa shavu la kushoto.

"Huku bado, mwanangu," akasema.